Kutia Neno Uzito: Miaka Yangu ya Ukalimani Mahakamani Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwamo chumbani watu hawa: Mheshimiwa hakimu mkazi, mtu mrefu wa Bukoba aliyeandika huku amekunja uso; Mzee Shabani, karani mkuu, aliyetunza Biblia na Msahafu katika droo moja yenye kufuli; Inspekta wa polisi aliyeendesha mashtaka; askari mmoja mlangoni; mzee mmoja wa Igunga aliyekuwa anamdai mwenzake fahali; mwenzake huyo; na mimi, msichana wa Kwihara, nimevaa gauni la kuazima na viatu vilivyonibana.

Mzee wa Igunga alipanda kizimbani, akaanza kwa Kisukuma. Nikasimama, nikasafisha koo, nikatangaza kwa Kiswahili kwa sauti yangu yote:

"Mimi ni mzee, nina wake watatu, na yule fahali ni wangu tangu alipozaliwa."

Chumba kizima kilicheka. Inspekta aliinama chini ya meza. Hata Mheshimiwa aliacha kuandika, akanitazama juu ya miwani yake.

"Hongera kwa wake zako," alisema. "Endelea."

Ninyi vijana mnaoanza ukalimani leo huenda mnashangaa kwa nini sikusema "mzee anasema ana wake watatu." Sikusema hivyo kwa sababu asubuhi ile Mzee Shabani alikuwa amenisimamisha ukumbini na kunipa sheria ya kwanza ya kazi.

"Shahidi akisema 'nililala', wewe sema 'nililala'," aliniambia. "Ukisema 'anasema alilala', umejitia katikati. Na wewe humu ndani haupo."

"Sasa nitakuwa wapi, mzee?"

"Utakuwapo saa nne, tukienda kunywa chai."

Basi kwa miaka yote iliyofuata nimekuwa mchungaji, mwizi, mjane, mganga, mtoto aliyepigwa na mume aliyepiga, yote kwa kinywa hiki kimoja. Nawaambia wazi, hakuna kazi tamu kama hiyo!

Nilivyoipata ni hadithi fupi. Kwetu tulizaliwa watano na mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita, nami nikaacha shule ili wadogo zangu wabaki shule. Nilikwenda kufua na kupiga pasi Kipalapala, kule seminari. Siku moja wauza mkaa waliotoka upande wa Nzega walikuwa wanagombana na mpishi, wao kwa Kisukuma, yeye kwa Kiswahili cha mjini, nami nikasimama katikati nikimpa kila mmoja maneno ya mwenzake huku nimeshika pasi ya moto. Padri mmoja alisikia yote dirishani. Ugomvi ulipokwisha aliniambia, "Binti, mahakamani wanatafuta mwanamke wa lugha. Huko wake za watu hawataki kumwambia Mzee Shabani mambo ya mwili." Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa karani mkuu.

Niliajiriwa kwa majaribio. Maana yake ni kwamba kosa moja kubwa lingenirudisha kwenye pasi, na wadogo zangu wanne wangerudi pamoja nami. Sikulisahau hilo hata siku moja. Lakini pia sikuwahi kwenda kazini nikiwa na huzuni. Nilikuwa natembea kutoka Kwihara alfajiri, nikipishana na watu wenye vikapu na baiskeli, na moyo unanienda mbio kwa kutaka kujua leo nitakuwa nani.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilikuja katika mwaka wangu wa pili. Mshtakiwa aliitwa Maganga, mkulima wa Igalula, kijana wa watoto watatu. Alishtakiwa kuvunja ghala la mfanyabiashara karibu na stesheni ya huko na kuiba madebe ya asali. Mlinzi wa ghala alisema alimwona usiku kwa mgongo, akamtambua kwa mwendo wake. Maganga alisema usiku huo hakuwapo Igalula kabisa. Alikuwa Kwihara kwa wakwe zake, akiezeka nyumba ya mama mkwe kabla ya mvua. Jirani aliyemlaza huko alikuwa ameshafariki kesi ilipofika. Akabaki shahidi mmoja tu wa kumwokoa na jela: huyo mama mkwe.

Jina lake lilikuwa Kalunde. Alikuja kwa miguu, amefunga khanga mbili, moja kiunoni na moja begani. Alikula kiapo kwa Biblia ya Mzee Shabani bila kutetemeka. Akaeleza kwa Kinyamwezi, nami kwa Kiswahili, kwamba paa lake lilikuwa linavuja, kwamba mtu alikuja kuliezeka, na kwamba mtu huyo alilala kwa jirani. Mheshimiwa alikuwa anaandika kwa Kiingereza, maana katika mahakama ile ushahidi ulitolewa kwa Kiswahili, lakini mwenendo wa kesi, yaani maandishi yote ya yaliyosemwa, yaliwekwa kwa Kiingereza.

Kisha Inspekta akasimama kwa maswali ya dodoso. Hayo ndiyo maswali ya upande wa pili, ya kumtikisa shahidi ili kuona kama atadondosha kitu.

"Mama, huyo mtu aliyekuezekea anaitwa nani?"

Nikampelekea swali kwa Kinyamwezi. Kalunde alinyamaza.

"Mtaje jina tu, mama."

Kalunde akakaza khanga ya kiunoni.

"Haya, jina limekupotea. Yumo humu ndani? Mwonyeshe kwa kidole."

Kalunde aliivuta khanga ya begani akajifunika kichwa, kisha akageuka polepole mpaka kizimba cha mshtakiwa kikawa nyuma yake kabisa. Maganga naye alikuwa ameinama hadi kichwa kimepotea chini ya ubao. Inspekta akafungua mikono kama mtu aliyeshinda mpira.

"Mheshimiwa, shahidi hamjui mshtakiwa! Hawezi kumtaja, hawezi kumwonyesha. Ameletwa hapa akiwa amefundishwa la kusema."

Jamani, nilivyohangaika! Mtoto yeyote wa Kwihara anajua kwamba mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Inspekta alikuwa mtu wa pwani, alikuja Tabora kwa uhamisho, naye kwa haki yake aliona mwanamke anayekwepa swali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakumbuka kwamba mimi humu ndani sipo.

"Mkalimani," alisema Mheshimiwa, "mbona unajipindapinda kama umekalia siafu?"

"Mheshimiwa, naomba ruhusa niseme kwa kinywa changu."

"Kinywa chako tumekiajiri kwa maneno ya wengine. Shahidi ana kinywa chake. Muulize kwa nini hataki kumtaja."

Hilo ndilo jambo nililojifunza kwa hakimu yule, na nililishika mpaka nikastaafu. Mkalimani akiona kitu kimefungana hakifungui yeye. Anaomba swali, swali linakwenda kwa mwenye jibu. Nikamwuliza Kalunde, akajibu akiwa bado ametupa mgongo:

"Mheshimiwa, kwako wewe mkwe hutajwa?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. "Kwetu," alisema, "hata kikombe alichonywea mkwe hakiguswi ovyo. Mwambie naelewa. Lakini mwambie pia kwamba mimi lazima nijue anamsema nani, la sivyo mtu huyu anakwenda jela."

Nikampelekea yote, pamoja na neno jela. Kalunde akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tena mahali popote. Kwa wazee wetu, mtu akitaka kuaminiwa kabisa hulamba kidole, hugusa udongo, hukilamba tena na kukinyoosha juu. Lakini sakafu ya mahakama ilikuwa ya saruji nyekundu, imepigwa dawa hadi inang'aa. Aliitazama akaona haina udongo wa kuapia. Basi akashika ubao wa kizimba kwa mkono mmoja, akainua mguu, akagusa kisigino chake mahali vumbi la Kwihara lilipoganda kwa safari ya asubuhi, akalilamba, akanyoosha kidole juu. Ndipo akasema, nami nikawa yeye:

"Mnayetaka nimtaje ni baba wa Masanja. Ni baba wa Kulwa na Doto. Siku ile alipanda juu ya paa langu jua likiwa halijachoma, akashuka limezama. Nilipika ugali na kuku nikampa mtoto ampelekee, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka nikamsikia anakohoa, nikajua ameshiba. Nilimsikia akiwaaga watoto kwenda kulala kwa jirani. Alfajiri nilimsikia tena juu ya paa, anamalizia. Sikumtazama siku ile na leo simtazami. Lakini nyumba yangu haivuji, na aliyeiziba ni huyo! Kama nasema uongo, paa hilo liniangukie nikiwa nimelala na wajukuu wangu."

Alianza kwa sauti ya kawaida na kumaliza kwa sauti iliyowafanya wauza karanga wa nje wachungulie dirishani. Mimi nilipanda naye. Mzee Shabani aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimenyoosha kidole juu bila kujijua.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa. Chumba kilijaa. Mheshimiwa alikuwa ameiandika kwa Kiingereza, akawa anasoma na kuifafanua kwa Kiswahili yeye mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Alipofika kwa shahidi wa utetezi, akasimama.

"Hapa nimeandika kwamba shahidi, akiwa amempa mshtakiwa mgongo, 'asseverated' kwamba mtu huyo alikuwa kwake. Mkalimani, wewe ulikuwa kinywa chake. Kwa Kiswahili utaliitaje tendo lile?"

"Silijui neno hilo, Mheshimiwa."

"Alisisitiza," akadakia Inspekta.

"Kusisitiza ni kwa mtu anayetaka chenji yake dukani. Lete lingine."

"Alikula yamini," alisema Mzee Shabani.

"Yamini alikula kwenye kitabu chako, Mzee Shabani, tena kwa sababu uliambiwa umlishe. Hii ilikuja baadaye na hakuambiwa na mtu."

"Alithibitisha?" Inspekta akajaribu tena.

"Kuthibitisha ni kuonyesha ushahidi. Yeye alionyesha kisigino."

Wakati huo mke wa Maganga, aliyekaa benchi la mbele na mmoja wa wale mapacha, Kulwa na Doto, mgongoni, alishindwa kuvumilia. Akasema kwa sauti, "Jamani, anafungwa au hafungwi?"

Mheshimiwa alishtuka kama aliyekumbushwa chungu jikoni. "Samahani, mama," alisema. "Tumalize hilo kwanza." Akasoma kwamba mlinzi aliona mgongo wa mtu gizani, na mgongo si uso. Akasoma kwamba kusema kwa uzito peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkweli, maana waongo nao husema kwa uzito. Ila mwanamke aliyekubali kusimama chumba kimoja na mkwewe, mbele ya watu, akaona haya hiyo yote ili tu aseme alichokisikia nyuma ya nyumba, hakuja pale kucheza. Kulikuwa na shaka, na shaka ni ya mshtakiwa. Maganga akaachiwa huru.

Vigelegele vilivyopigwa! Askari wa mlangoni alisahau kuwanyamazisha. Kalunde hakuwapo ndani. Alikuwa amesubiri nje, upande wa pili wa jengo, ili mkwewe apite mlangoni kwa nafasi.

Saa saba mchana Mheshimiwa aliniita ofisini kwake. Nilifikiri najulishwa mwisho wa majaribio. Akanionyesha neno lile kwenye kamusi nene na kunieleza lilikotoka, nami nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Asili yake ni Kilatini. Ndani yake limo neno la kale lenye maana ya uzito na ukali, lile lile lililowapa Waingereza neno lao 'severe', la adhabu kali na baridi kali. Kwa hiyo anayefanya hivyo analiongezea neno lake ukali, analivalisha uso usio na mzaha. Waingereza wenyewe hawalitumii sokoni wala nyumbani. Utalikuta vitabuni na kwa mawakili wanaopenda maneno marefu. Tena, alisema, watu hulichanganya na 'aver', neno jingine la mahakamani linalofanana nalo kwa sura, lakini hilo lilizaliwa na neno la kweli, na hili lilizaliwa na neno la ukali. Hawana undugu.

"Umeona tofauti?" aliniuliza. "Kiapo kinamwita Mungu awe shahidi. Uthibitisho unaleta kitu mkononi. Hili halileti kitu. Mtu anajiweka mwenyewe mezani."

"Kwetu tungesema ametia neno uzito, Mheshimiwa."

"Ni maneno matatu. Lakini yanakaribia." Akafunga kamusi. "Na kazi yako ya majaribio imekwisha. Jumatatu uje kama mkalimani wa mahakama."

Nilikimbia! Mtu mzima, mwenye dhamana ya nyumba, nilikimbia na viatu mkononi kutoka mjini hadi nyumbani. Jioni ile wadogo zangu walilipokea neno la Kiingereza kwa furaha kuliko walivyoipokea habari ya kazi. Wakaligeuza mchezo wa nyumbani. Mtu akisema hakugusa sukari, mwenzake anamwuliza, "Unaasevereti?" Naye lazima alambe kidole na kugusa chini, la sivyo anaosha vyombo. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaosha vyombo kila siku.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, chini ya hakimu wa wilaya aliyependa ukimya kiasi kwamba tulinong'ona hata kwa mashahidi viziwi. Kisha Igunga, kwa hakimu mwanamke aliyenifundisha kuomba maji kabla ya ushahidi mrefu, maana koo la mkalimani ndilo jembe lake. Kila nilikopita niliwinda jinsi watu wanavyolitia neno uzito. Wafugaji wa Igunga humtaja ng'ombe mmoja kwa rangi yake, yule wanayempenda, na kusema afe kama wanasema uongo. Wakristo wa Moraviani wengi hukataa kuapa, husema tu "ndiyo" mara moja, taratibu, na ile ndiyo yao ina kilo nyingi kuliko viapo vya wengine. Waislamu wa mjini Tabora husema wallahi, halafu billahi, halafu tallahi, na wakifika ya tatu kaa chini usikilize. Vijana wa sasa wanaoiga Dar es Salaam husema "haki ya nani" na kupitisha kidole shingoni huku wanatazama simu.

Nadhani Tabora yetu imejaa hivi kwa sababu ya njia ile ya zamani ya misafara. Wapagazi walikutana hapa kutoka pwani na kutoka ziwani, hawajuani, hawana lugha moja, na kila mmoja ilimbidi amfanye mgeni amwamini. Kila kabila liliacha namna yake. Mimi nilizikuta zote zimepanga foleni kwenye kizimba kimoja, nami nikalipwa mshahara kuzisema! Nani kama mimi?

Nilimalizia kazi Tabora, chumba kile kile, sakafu ile ile nyekundu. Wadogo zangu wote wamesoma, wawili kati yao ni walimu. Siku niliyostaafu walikuja na kunikalisha mbele, wakataka hotuba, nami niliyesema maneno ya watu wengi hivyo nikakosa hata sentensi moja ya kwangu. Nikalia, wakapiga makofi. Ndiyo ilikuwa hotuba.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja mpana wa mabega, akaegesha pikipiki uani.

"Shikamoo, mama mkalimani."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Masanja, wa Igalula. Mjukuu wa Kalunde."

Nilimwita kwa jina lake mara tatu kwa furaha kabla sijamwuliza habari za bibi. Akaniambia bibi amefariki, amezeeka vizuri, amefia chini ya paa ambalo halijavuja.

"Tunaweka msalaba kaburini mvua zikikatika," alisema. "Baba ananituma. Anasema siku ile mahakamani, bibi alipoanza kusema, yeye aliziba masikio kwa vidole."

"Aliziba masikio? Ndiyo maana alikuwa ameinama?"

"Kwa heshima, mama. Mkwe anasema mbele ya watu habari zake, angesikilizaje? Ya Kiswahili aliyasikia kwa sababu wewe ulikuwa unapiga kelele."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Masanja naye akacheka.

"Lakini ya bibi mwenyewe, kwa Kinyamwezi, baba hajawahi kuyasikia. Na bibi hakuyarudia kwa mtu yeyote. Tukimwuliza alikuwa anasema, 'Maneno yangu yako Tabora, kwa yule mtoto wa mahakamani.' Sasa ameondoka. Baba anasema leo hakuna mwiko tena, anataka kuyasikia kama yalivyotoka."

Nilimwambia nitakuja. Kwa miaka mingi nilidhani kazi ya mkalimani ni kupitisha tu, kwamba maneno yanaingia sikio hili na kutokea mdomoni bila kuacha kitu. Kumbe mwanamke yule aliniachia yake kama mtu anavyomwachia jirani mbegu, na kwa muda wote huo aliamini ninazo.

Ninazo. Karibu zote. Kuna mahali pamoja, pale pa kukohoa na kushiba, ambapo alitumia neno la Kinyamwezi cha zamani ambalo Kiswahili changu kililipita mbio siku ile, nami nalitafuta. Nimeshamwuliza mdogo wangu, nimewauliza wazee wawili wa Kwihara, na kila mmoja ananipa neno zuri ambalo si lenyewe. Mvua bado zinanyesha. Kila asubuhi nafagia uwanja huku nayasema yote kwa sauti, tangu baba wa Masanja hadi paa, na kila asubuhi nafika mahali pale na kusimama na ufagio mkononi. Jirani alinichungulia jana juu ya ua, akaniuliza nagombana na nani.

"Sigombani," nilimjibu. "Nadaiwa."